Maisha ya James Young, Mtengenezaji wa Mafuta ya Taa

Wazee wetu hapa Mnero, kabla debe la mafuta ya taa halijafika, walikuwa na moto wa kuni katikati ya nyumba, na aliyetaka kutoka usiku alichukua kijinga au mwenge wa nyasi kavu. Huko pwani, waliokuwa na uwezo waliwasha utambi katika mafuta ya ufuta au ya nazi. Kisha likaja debe, na pamoja nalo koroboi, na baadaye taa ya chemli yenye kioo. Ni nani basi aliyekuwa wa kwanza kuyatengeneza mafuta yale kiwandani kwa wingi, hata yakapata kuuzwa kwa watu wasio matajiri? Wengi wetu tumeyatumia tangu utoto bila kuuliza. Jina lake ni James Young, Mskoti, mwana wa seremala. Habari zake zatuhusu sisi watu wa kusini kuliko tudhanivyo, kwa kuwa sehemu ya fedha aliyoichuma kwa mafuta hayo ilitumika kuwalipa watu waliopita kwa miguu katika nchi yetu hii mwaka 1866.

Alizaliwa Glasgow tarehe 13 Julai 1811, katika mtaa uitwao Drygate. Babaye alikuwa seremala wa kutengeneza vyombo vya nyumba, naye mtoto akatiwa kazini mapema kujifunza randa na msumeno. Mchana ulikuwa wa kazi. Elimu aliitafuta jioni. Palikuwako mjini chuo kilichoitwa Chuo cha Anderson, ambacho kiliwapokea hata mafundi na watu wa kazi za mikono. Alipopata umri wa miaka 19 hivi Young alianza kwenda huko kumsikiliza Thomas Graham, mwalimu wa kemia, ambaye jina lake lajulikana hata leo kwa wote wasomao elimu hiyo.

Graham hakukawia kuona ya kuwa kijana huyu ana vidole vilivyofundishwa. Siku zile mwalimu wa kemia hakuvinunua vyombo vyake vyote dukani. Vingi vilipasa kutengenezwa palepale, na mtu ajuaye kuunganisha sanduku lisilopitisha maji hujua pia kuunganisha chombo kisichopitisha hewa. Basi akamfanya msaidizi wake, na mara nyingine akamwachia kufundisha darasa. Young alikuwa na chumba chake chuoni, na ndani yake meza ya seremala, mashine ya kukerezea, na zana za kila namna. Chumba hicho kikawa baraza la vijana waliopenda kujua mambo. Alifika humo William Thomson, mtoto wa mwalimu wa hesabu, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Tena alifika mwanafunzi mmoja wa udaktari, aliyekuwa amefanya kazi tangu utoto katika kiwanda cha kusokota pamba huko Blantyre, ambaye alianza masomo yake mwaka 1836. Huyo ndiye David Livingstone. Katika chumba kile alijifunza kushika zana, na ustadi huo ulimfaa sana alipokuja kujenga nyumba na kutengeneza magari huku Afrika. Urafiki ulioanza pale kati ya mwana wa seremala na kijana wa kiwandani haukukatika mpaka mmoja wao alipokufa.

Mwaka 1837 Graham aliitwa kufundisha London, naye Young akamfuata. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Young wa Paisley, ambaye jina la ukoo wake lilikuwa moja na lake. Lakini mshahara wa msaidizi wa mwalimu hautoshi nyumba yenye watoto. Kwa hiyo mwaka 1839 akaenda kuwa msimamizi katika kiwanda cha kemikali cha James Muspratt, kaskazini ya Uingereza, na mwaka 1844 akahamia Manchester kwa kampuni ya Tennants. Huko alivumbua njia fupi ya kuipata chumvi ya bati moja kwa moja katika mawe ya madini, chumvi itumiwayo na wapaka rangi za nguo. Ilikuwa kazi yenye faida, wala hapana mtu wa nyumbani aliyepata kuisikia. Kama angalikoma hapo, jina lake lingalibaki katika vitabu vya wahasibu tu.

Mnamo Desemba 1847 alipata barua kutoka kwa Lyon Playfair, rafiki yake tangu siku za Glasgow. Playfair alimpa habari ya kuwa katika mgodi wa makaa ya mawe wa shemeji yake, mahali paitwapo Riddings katika jimbo la Derbyshire, pametokea chemchemi ya mafuta mazito, nao wenye mgodi hawajui la kuyafanya. Young alikwenda kuyatazama. Akayakeneka, akapata namna mbili: mafuta mepesi yafaayo kuwashwa katika taa, na mazito yafaayo kulainisha mitambo. Mwaka 1848 alianza biashara ndogo palepale. Soko la kwanza lilikuwa hayo mazito, kwa maana Manchester na miji iliyoizunguka ilikuwa imejaa mashine za kusokota pamba, na kila kichwa cha mashine kilihitaji mafuta. Na mafuta ya wanyama yaliyotumika zamani yalikuwa ghali na huganda.

Hata siku moja ya baridi aliona ya kuwa mafuta yake yamekuwa na utando kama mawingu. Utando huo ulikuwa nta nyeupe isiyo na harufu, ambayo Mjerumani Karl von Reichenbach aliigundua mwaka 1830 na kuipa jina la parafini, kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya kitu kisichopenda kuungana na vingine. Kwa Reichenbach ilikuwa kitu cha kuonyesha katika chupa. Playfair alimwomba Young amtengenezee mishumaa miwili kwa nta hiyo, akaiwasha mbele ya watu wakuu wa elimu huko London alipokuwa akifundisha. Mishumaa hiyo miwili ilikuwa na gharama kubwa kupita kiasi. Leo mshumaa wa parafini wapatikana katika kila kiduka cha kijiji, nao ndio tuuwashao kanisani umeme ukikatika.

Chemchemi ya Riddings ikaanza kukauka. Ndipo Young alipoonyesha akili yake. Katika mgodi aliona mafuta yakidondoka kutoka mwamba wa mchanga ulio juu ya makaa. Akawaza ya kuwa labda joto la ardhi limeyapika makaa taratibu, na mvuke wake umepanda na kupoa juu. Basi, kama ardhi yaweza, mtu naye aweza. Wataalamu wa sasa hawakubali kwamba mafuta ya petroli yalipatikana hivyo, kwa kuwa asili yake ni viumbe wadogo wa majini waliozikwa katika tope zamani sana. Kwa hiyo wazo lake halikuwa sahihi kabisa. Lakini lilimpeleka mahali sahihi. Alianza kujaribu makaa ya kila namna, moja baada ya jingine, mpaka alipoletewa makaa ya Boghead, karibu na mji wa Bathgate katika Uskoti, ambayo tani moja yake ilitoa galani zaidi ya 100 za mafuta.

Njia yenyewe si ngumu kuieleza katika nchi hii, ambapo wapikao gongo wameificha vichakani, ingawa si vema kuwataja katika gazeti hili. Makaa yavunjwavunjwa, yatiwa katika chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa, yapashwa moto wa polepole. Hapo ndipo palipokuwa siri yake: moto wa polepole. Watengenezaji wa gesi ya kuwashia taa za mijini walikuwa wakiyachoma makaa yaleyale kwa moto mkali, nao walipata gesi nyingi na lami, mafuta kidogo. Young alipunguza moto, akapata mafuta mengi na gesi kidogo. Mvuke hupita katika bomba lililozungushwa ndani ya maji baridi, hugeuka kuwa mafuta meusi yenye kunuka. Mafuta hayo huoshwa kwa asidi kali, kisha kwa magadi makali, kisha hukenekwa tena, mpaka yawe meupe kama maji. Tarehe 17 Oktoba 1850 aliandikisha uvumbuzi huo serikalini, akapewa hataza, yaani hati ya kumkataza mtu mwingine kuitumia njia yake bila idhini wala malipo kwa muda wa miaka 14.

Pamoja na wenziwe wawili, Edward Binney na Edward Meldrum, alijenga kiwanda Bathgate, nacho kikaanza kazi mwaka 1851. Wengi husema ya kuwa hicho ndicho kiwanda cha kwanza cha mafuta ya madini duniani kilichofanya kazi kwa kiasi cha biashara kubwa. Lakini tafadhali angalia, msomaji: kwa miaka kadhaa ya kwanza kiwanda kiliuza hasa mafuta ya mitambo, na maji mepesi yatumiwayo na watengenezaji wa rangi na wa mpira. Vyote hivi ni vitu vya viwandani. Mafuta ya taa na nta ya parafini havikuuzwa kwa wingi mpaka mwaka 1856. Kisha mambo yakageuka upesi. Mafuta yaliyoanza kama dawa ya kunyamazisha mashine yakaingia jikoni na chumbani.

Yafaa tukumbuke nyumba za maskini wa Ulaya zilikuwaje usiku. Matajiri waliwasha mafuta ya nyangumi, na kwa ajili ya taa hizo mabaharia walikwenda hata bahari za barafu kuwaua wanyama wale. Wenye hali ya kati walikuwa na mishumaa ya mafuta ya ng'ombe na kondoo, yenye moshi na harufu. Maskini walikuwa na moto wa jikoni, au unyasi uliochovywa katika mafuta ya nyama. Fundi wa viatu, mshonaji, mwanafunzi kama Young mwenyewe alivyokuwa, kwao jua likitua kazi imekwisha. Hata aliyetaka kusoma kitabu chake hakuweza. Mtu aliyelelewa na koroboi hahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Fedha ikaja, na fedha huleta mashitaka. Shauri la kwanza halikuwa lake. Mwenye shamba lililotoa makaa ya Boghead, bwana mmoja jina lake Gillespie, alikuwa amewakodisha wachimbaji haki ya kuchimba makaa ya mawe. Alipoona mali iliyotoka humo alijuta, akadai ya kuwa kitu kile si makaa ya mawe hata kidogo, bali ni madini mengine, kwa hiyo hayamo katika mapatano. Shauri lilisikilizwa Edinburgh mwaka 1853. Wataalamu wakubwa walisimama upande huu na upande huu, kila mmoja akiapa kwa elimu yake. Hawa wakisema ni makaa, hawa wakisema si makaa. Wazee wa baraza waliamua ya kuwa ni makaa. Hata sasa wenye elimu ya miamba wameyapa jina lake peke yake, torbaniti, kwa jina la shamba lile la Torbanehill.

Mashauri mengine yalikuwa ya Young mwenyewe. Wengi waliiga njia yake, naye hakumwachia mtu. Kubwa kuliko yote lilikuwa la mwaka 1864, juu ya kampuni ya Fernie iliyotengeneza mafuta huko Wales. Wapinzani walisema, na si bila sababu, ya kuwa Reichenbach alikuwa amekwisha kuigundua parafini, na ya kuwa Ufaransa watu walikeneka mafuta katika mawe kabla yake. Mahakama ilihukumu ya kuwa kugundua kitu katika chupa si sawa na kuonyesha njia ya kukitengeneza kwa wingi na kwa faida, na ya kuwa hilo la pili ni la Young. Mimi naona hukumu ilikuwa ya haki kwa sheria. Walakini siwezi kuacha kufikiri juu ya watu waliongojea miaka 14 ili mafuta yapungue bei, kwa kuwa mwenye hataza hana haraka ya kuuza rahisi.

Ng'ambo ya bahari wengine walikuwa wakiifuata njia hiyohiyo. Abraham Gesner wa Kanada alikeneka mafuta ya taa katika makaa na lami, akayaita kerosini, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya nta. Katika mji wa Lwów, Ignacy Łukasiewicz aliwasha taa yake hospitalini mwaka 1853 kwa mafuta yaliyotoka ardhini. Viwanda vya Marekani vilivyotumia makaa vilimlipa Young ushuru wake. Lakini tarehe 27 Agosti 1859, huko Titusville katika Pennsylvania, Edwin Drake alichimba kisima akafikia mafuta yaliyokuwa tayari chini ya ardhi, na tangu siku hiyo bei ilianza kuporomoka. Mafuta ya Marekani ya mwanzo yalikuwa rahisi, tena yalikuwa ya hatari. Wafanya biashara wasio na haya waliacha ndani yake ile sehemu nyepesi, ambayo hushika moto kama baruti, na taa nyingi zilipasuka usoni mwa watu. Uingereza ilitunga sheria ya kuyaangalia mwaka 1862. Mafuta ya Young yalijulikana kuwa salama zaidi, kwa kuwa alizitenga namna zote kwa uangalifu. Uchakachuaji wa mafuta, basi, si jambo lililobuniwa katika vituo vyetu. Ni mkubwa kwa umri kuliko gari lenyewe. Na hatari ya koroboi twaijua pia: watoto waliounguzwa, nyumba za nyasi zilizoteketea, moshi uingiao mapafuni kila usiku, na yule mtoto anayekunywa mafuta kwa sababu yaliwekwa katika chupa ya soda. Hayo nayo yamo katika hesabu ya kitu hiki.

Mafuta ya Marekani, na baadaye ya Urusi, yalisafirishwa katika makopo makubwa ya bati ya galani 4 hivi, mawili mawili katika sanduku la mbao. Ndiyo madebe. Yalishuka Unguja, yakaenea pwani, yakapanda bara. Mafuta yakiisha, kopo lilibaki: la kutekea maji, la kuchemshia, la kupasuliwa na kupigwa misumari juu ya mlango. Mpaka leo mkulima wa Nachingwea hupima mahindi na mbaazi kwa debe, wala haulizi kipimo hicho kilitoka wapi.

Turudi kwa Young. Hataza yake ilikwisha mwaka 1864, na makaa ya Boghead yalikuwa yakikaribia kwisha. Mtu mwingine angalipumzika na mali yake. Yeye alinunua sehemu za wenziwe, akajenga kiwanda kikubwa zaidi huko Addiewell, karibu na West Calder, mahali palipokuwa na mwamba wa tope gumu la kale, upasukao kwa tabaka, wenye mafuta ndani yake. Mwamba huo ulikuwa maskini kuliko torbaniti, lakini ulikuwa mwingi. Mwaka 1866 aliuza yote kwa kampuni iliyoitwa kwa jina lake. Mamia ya watu walihamia huko kufanya kazi mgodini na kiwandani. Waliishi katika nyumba za kampuni, na mtu aliyeondoka kazini aliondoka na nyumbani pia.

Sasa nifike pale niliposema mwanzo. Livingstone aliporudi Uingereza mwaka 1864, baada ya safari ya Zambezi iliyomletea huzuni na lawama, alikuwa hana fedha ya kuanza safari nyingine. Serikali ilimpa pauni 500, na Chama cha Kifalme cha Jiografia pauni 500. James Young peke yake alimpa pauni 1,000. Livingstone kwa utani alizoea kumwita Sir Paraffin, yaani Bwana Parafini. Katika shamba la Young liitwalo Limefield alipanda mti mwaka 1864. Na katika kijito cha hapo Young alijenga maporomoko madogo ya maji kuwa mfano wa yale makubwa ya Zambezi ambayo rafiki yake aliyaona.

Mwezi wa Machi 1866 Livingstone alishuka Mikindani pamoja na watu wake, na ngamia, na nyati, na punda. Wakaenda wakifuata mto Ruvuma, kusini ya huku kwetu. Wanyama walikufa mmoja mmoja, na baadhi ya askari wa Kihindi wakachoka wakarudi. Njiani waliona maiti za watumwa, wengine wamefungwa mitini, walioachwa na misafara kwa kuwa hawakuweza kutembea tena. Habari hizo alizoziandika zilisaidia kuiamsha Ulaya juu ya biashara ya watumwa. Posho na nguo zilizotumika katika njia ile zilitoka kwa sehemu kubwa katika taa zilizowashwa Glasgow na Manchester.

Miongoni mwa waliokwenda naye walikuwamo James Chuma na Abdullah Susi. Chuma alikuwa Myao, aliyekombolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861, akiwa mtoto bado. Susi alitoka Shupanga, kando ya Zambezi. Hao walidumu mpaka mwisho. Wakati huo Ulaya haikujua Livingstone yuko wapi. Young alitoa fedha ya msafara wa kumtafuta, uliokwenda mwaka 1873 chini ya Luteni Grandy kwa njia ya pwani ya magharibi na Kongo. Msafara huo haukumfikia. Livingstone alikuwa amekufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, na Chuma na Susi na wenzao walikuwa wakiichukua maiti yake, iliyokaushwa kwa jua, mwendo wa miezi mingi mpaka Bagamoyo.

Walipofika pwani walilipwa mshahara wao, wakaambiwa waende zao. Maiti ilitiwa chomboni, na kati ya watu wote waliokuwa wameichukua ni Jacob Wainwright pekee aliyepelekwa Uingereza pamoja nayo, kwa kuwa wamisheni walimlipia nauli. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster mbele ya wakuu wengi. Chuma na Susi hawakuwapo. Ofisi zote zilizokuwa na fedha ya kuwaleta zilisahau, au ziliona si lazima. Aliyekumbuka ni James Young. Aliwalipia safari, nao wakafika baada ya maziko. Wakakaa miezi kadhaa Uingereza, wakamsaidia mchungaji Horace Waller kuzisoma na kuzipanga karatasi za Livingstone, wakimweleza majina ya mahali na mito na watu, mambo ambayo hapana mwingine angaliweza kuyaeleza. Vitabu vya shajara ya mwisho ya Livingstone vilivyotokea mwishoni mwa mwaka huo vina kazi yao ndani yake. Walijenga pia mfano wa kile kibanda alichofia bwana wao, ili wenyeji wakione. Mimi, katika yote aliyoyafanya Young kwa fedha yake, hili la nauli ya watu wawili naliweka juu ya pauni elfu.

Chuma alirudi, na kazi yake nyingine tumeikanyaga sisi wenyewe. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka pwani ya Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani kutafuta mahali pa kukaa bara, na kiongozi wa msafara alikuwa Chuma. Walifika Masasi, jirani zetu, wakakaa. Kisha mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alisikia habari, zilizotoka kwa Livingstone tangu zamani, ya kuwa yapo makaa ya mawe upande wa Ruvuma. Akamwajiri Mskoti kijana, Joseph Thomson, kwenda kuyatazama, na Chuma akamwongoza tena. Thomson aliyachunguza, akamrudia Sultani na habari mbaya: si makaa, ni mwamba wa tope wenye mafuta kidogo, usiowaka vema. Sultani alikasirika. Yaani walikuwa wamesimama juu ya mwamba wa ukoo uleule uliomtajirisha rafiki wa Livingstone, katika nchi ileile ambayo Livingstone aliivuka kwa fedha ya rafiki huyo, na hapakuwa na faida ndani yake. Chuma alikufa Unguja mwaka 1882.

Miaka ya mwisho ya Young ilikuwa ya mtu asiyejua kukaa bure. Alisimamia Chuo cha Anderson kuwa rais wake tangu 1868 hata 1877, na mwaka 1870 aliweka fedha ya kumlipa mwalimu wa kemia ya viwanda, ili mafundi vijana wapate kufundishwa alivyofundishwa yeye. Alisimamisha sanamu ya mwalimu wake Graham katika uwanja wa George, Glasgow. Mwaka 1872 alitambua ya kuwa maji yaliyomo chini ya meli za chuma yana uchungu wa asidi, na ya kuwa chokaa yaweza kuzuia kutu. Pamoja na George Forbes alipima mwendo wa nuru, jambo ambalo halikumpa senti hata moja. Mkewe alikuwa amekufa mwaka 1868.

Yeye mwenyewe alikufa tarehe 13 Mei 1883 nyumbani kwake Kelly, kando ya bahari huko Wemyss Bay, akiwa na umri wa miaka 71, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Inverkip. Viwanda vya kupika mwamba viliendelea Uskoti, vikishindana na mafuta ya visima vya Marekani na Urusi, na baadaye ya Uajemi, mpaka cha mwisho kilipofungwa mwaka 1962. Mawe yaliyokwisha kupikwa yalimwagwa kando ya migodi mwaka baada ya mwaka, nayo yakafanya vilima vyekundu ambavyo bado vyaonekana kutoka mbali katika nchi ile, na nyasi zimeanza kuota juu yake.